Mgeni Hafiki Mahakamani

Tarehe 10 Aprili 2013 makumbusho ya Louvre, jijini Paris, hayakufungua milango. Hapakuwa na bomu wala moto. Wafanyakazi wapatao 200 walikuwa wamegoma kwa sababu wamechoshwa na watoto. Makundi ya watoto yalikuwa yakiingia bure, maana walio chini ya umri wa miaka 18 hawalipi kiingilio, kisha yanawachomolea pochi wageni waliosimama midomo wazi mbele ya Mona Lisa. Mfanyakazi aliyejaribu kuwazuia aliambulia matusi na vitisho. Aliyekamatwa leo alionekana tena ukumbini baada ya siku chache. Mwaka uliotangulia jumba hilo lilikuwa limepokea watu karibu milioni 10, na kwa mchomoaji hiyo ni mifuko karibu milioni 10 iliyoletwa hadi mlangoni.

Wengi waliisoma habari hiyo wakacheka. Mimi naiona inabomoa dhana mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni kwamba wizi hufuata umaskini wa mahali, kwa hiyo mtu akifika Ulaya anaweza kutembea na begi wazi. Ya pili ni kwamba penye walinzi, kamera na polisi, mwizi hakai. Louvre palikuwa na vyote hivyo. Kilichokosekana ni mlalamikaji wa kudumu, mtu ambaye mwezi ujao hakimu akiita jina lake atasimama na kusema, huyu ndiye. Mwenye pochi ameshapanda treni ya Amsterdam, na wiki ijayo yuko kwao Osaka, São Paulo au Arusha.

Italia inalionyesha jambo hili waziwazi kuliko nchi nyingi. Mageuzi ya sheria ya jinai yanayoitwa kwa jina la aliyekuwa Waziri wa Sheria, Marta Cartabia, yalianza kutumika tarehe 30 Desemba 2022. Nia ilikuwa njema: kupunguza mlundikano wa kesi. Lakini chini ya mageuzi hayo, makosa mengi ya wizi, ukiwemo ule wa kuchomoa mifukoni, hayashtakiwi mpaka aliyeibiwa mwenyewe apeleke malalamiko rasmi. Si hivyo tu. Mlalamikaji akiitwa kutoa ushahidi, asipofika bila sababu ya msingi, anahesabiwa kuwa ameyafuta malalamiko yake. Sasa mtafutie nauli mama wa Dodoma aliyeibiwa yuro 150 ndani ya boti la abiria, arudi Venice kuzungumza na hakimu kwa dakika kumi. Harudi, na mwizi anajua kuwa harudi. Wakazi wa Venice wana kikundi chao, Cittadini Non Distratti, kinachozunguka vichochoroni kikiwazomea wachomoaji hadharani. Mwaka 2023 sauti ya mmoja wao, Monica Poli, akiwaonya watalii kwa kelele, ilisambaa duniani kupitia TikTok. Watu wakaigeuza kuwa kichekesho cha kwenye simu, wachomoaji wakaendelea na kazi.

Hispania nako, anayeiba bila kutumia nguvu mali isiyozidi yuro 400 kwa kawaida huhesabiwa ametenda kosa dogo, na adhabu yake ni faini. Mwaka 2022 sheria ilikazwa kwa wale wanaorudia kosa mara kwa mara, jambo ambalo lenyewe linaeleza walikuwa wangapi.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nchi gani ni salama, tuulize mwizi wa watalii anategemea nini. Mwaka 1979 wanazuoni wawili wa Marekani, Lawrence Cohen na Marcus Felson, waliandika kwamba uhalifu wa aina hii hutokea pale mambo matatu yanapokutana mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu aliye tayari kutenda kosa, mtu au kitu kinachofaa kulengwa, na kutokuwepo kwa mlinzi awezaye kuzuia. Msafiri wetu hupoteza nguvu zake zote kwenye lile la kwanza. Hukaza macho akitafuta sura ya mwizi, na kwa kawaida humwona kwa kijana mwenye nguo zilizochakaa. Wakati huohuo dada nadhifu mwenye ramani mkononi na begi la magurudumu, anayesukumana naye kuingia treni ya chini ya ardhi ya Barcelona, anafungua zipu yake taratibu. Sura haitasaidia. Lililo mikononi mwa msafiri ni lile la pili, yaani kujifanya asifae kulengwa, na kidogo lile la tatu.

Watu wa pwani tungetakiwa kuwa mabingwa wa somo hili. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, na sisi kuku weupe tunawatazama kila siku. Pale Forodhani, Zanzibar, mtu akimwona Mzungu anavyozungukwa na papasi, hajiulizi mara mbili nini kitafuata. Papasi, au yule ambaye Mombasa huitwa beach boy, hakunyang'anyi kitu. Anakusalimu kwa lugha ya kwenu, anakuuliza umetoka wapi, anakuonya kuhusu matapeli, anakubebea kikapu. Baadaye ndipo unapogundua kwamba safari ya Kisiwa cha Changuu imekugharimu mara tatu. Wengi wao ni vijana watafuta riziki tu, wala siwaiti wahalifu. Nasema ufundi wao ndio ule ule anaoutumia tapeli wa Bangkok, na kwamba Mswahili anayewacheka Wazungu Forodhani, akishuka ndege Istanbul, ubingwa wote unamtoka. Anaona aibu kumpuuza mtu aliyemsalimu.

Bangkok kuna mchezo mkongwe ambao kwangu ndio kilele cha utapeli wa utalii. Mtalii anakaribia Kasri Kuu la wafalme. Mtu wa heshima, pengine mwenye suti, anamwambia kwa huruma kwamba leo kasri limefungwa kwa sababu ya sikukuu ya dini, lakini kuna hekalu jingine zuri, na kwa bahati bajaji za serikali leo zinabeba watalii kwa bei ya kutupa. Bajaji ipo pale pale. Njiani, ndani ya hekalu, mtu mwingine kabisa, asiyeonekana kumjua yule wa kwanza, anataja duka la vito lenye punguzo linaloisha leo. Safari inaishia dukani. Mtalii ananunua yakuti akiamini atakwenda kuziuza kwao kwa faida maradufu. Mara nyingi vito vyenyewe si bandia. Ni vya daraja la chini, vimeuzwa kwa bei isiyofanana navyo hata kidogo. Risiti ipo, sahihi ipo, hakuna aliyeshikiwa kisu, na kasri lilikuwa wazi tangu asubuhi.

Kila kipande cha mchezo huo kinafaa kuchunguzwa. Uongo wa kwanza haukuomba pesa, ulitoa msaada. Mashahidi walikuwa wawili, hawajuani, wakasema jambo moja. Muda ulikuwa unaisha. Mnunuzi mwenyewe aliguswa tamaa yake kidogo, kwa hiyo akigundua ataona haya kusimulia. Na atagundua akiwa wapi? Nyumbani, sonara wa mtaani kwao atakapoviweka vito kwenye mizani na kumtazama usoni bila kusema neno. Thailand ina polisi wa watalii na namba yao 1155, lakini mtu hapigi simu ya dharura kwa jambo ambalo bado analiona ni bahati.

Michezo mingine ni midogo, lakini asili yake ni moja. Chini ya kanisa la Sacré-Cœur, Paris, kijana anakufunga uzi wa rangi mkononi kabla hujakubali, kisha anadai bei. Istanbul mng'arisha viatu anadondosha brashi mbele yako. Unaiokota na kumrudishia, naye kwa shukrani anaanza kusugua kiatu chako, halafu anataja bili. Shanghai wanafunzi wawili wachangamfu wanataka kufanya mazoezi ya Kiingereza, mnaishia kwenye nyumba ya chai yenye vikombe vya bei ya pikipiki. Mahali popote, mtu aliyeanza mazungumzo yeye, karibu na kivutio kikubwa, akakupa kitu au habari usiyoiomba, ana sababu. Wale ambao wangekusaidia bure kwa kawaida hawakukimbilii, wewe ndiye unayewafuata: muuza magazeti, mama mwenye mtoto, mlinzi wa benki. Chagua mwenyewe wa kumuuliza. Kanuni hii inakera kwa watu tuliolelewa kwamba salamu hujibiwa, na ni kweli itakufanya uonekane na kiburi mbele ya watu kadhaa wema. Watakusamehe.

Kundi jingine linatuhusu zaidi: askari wa uongo. Wanaume wawili waliovaa kiraia wanaonyesha kitambulisho harakaharaka, wanasema wanatafuta noti bandia, wanaomba kuona pochi. Wanaihesabu mbele yako na kuirudisha ikiwa nyepesi. Mchezo huu unamnasa kwa urahisi mtu aliyezoea nchi ambako askari akisema toa, unatoa. Unamnasa pia kwa sababu wengi wetu husafiri na fedha taslimu. Kadi ya benki ya nyumbani haikufunguliwa kwa matumizi ya nje, au mwenyewe haiamini, basi dola za kununulia mzigo Laleli kule Istanbul au Deira kule Dubai zimekaa kiunoni zote. Wezi wanalijua hilo kama wajuavyo siku za soko. Jibu la askari wa namna hiyo ni moja: twende kituoni, nitazitoa pale. Wa kweli hatakuwa na shida.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vitabu vya miongozo ya utalii, vilivyoandikwa kwa ajili ya Wazungu, havisemi. Mtalii mweusi Ulaya ana hesabu mbili za kupiga, ya mwizi na ya askari wa kweli. Mwaka 2017 taasisi ya umma ya Ufaransa inayotetea haki za raia, Défenseur des droits, ilitoa matokeo ya uchunguzi kwamba vijana wa kiume wanaoonekana kuwa weusi au Waarabu wana uwezekano mara 20 zaidi wa kusimamishwa na polisi kukaguliwa vitambulisho. Ushauri wa kawaida ni kuacha pasipoti kwenye sefu ya hoteli na kutembea na nakala. Kwa mtu anayesimamishwa mara moja kwa mwaka, ushauri huo ni mzuri. Kwa anayesimamishwa mara mbili kwa wiki, kwenye nchi ambazo sheria inamtaka mgeni aonyeshe hati akiulizwa, nakala inaweza kumpotezea nusu siku kituoni. Ningeshauri njia ya kati: siku za kuzunguka mjini, pasipoti ikae mwilini chini ya nguo, mahali usipopafungua hadharani hata mara moja, picha ya ukurasa wake na ya viza iwe kwenye barua pepe na kwa ndugu nyumbani, na hoteli ikiwa ya kuaminika na mtaa hauna ukaguzi, basi sefu.

Maana kinachouma kwetu kuibiwa si pochi. Mwingereza aliyepoteza pasipoti Bangkok anakwenda ubalozini kwake, mjini hapo hapo. Mkenya naye ana ubalozi Bangkok. Mtanzania hana, na ubalozi wake unaoihudumia Thailand uko Kuala Lumpur, nchi nyingine, na kuvuka mpaka kunahitaji hati ile ile iliyoibiwa. Ubalozi unaweza kutoa hati ya dharura ya kurudia nyumbani, lakini viza ya Schengen uliyoisotea miezi miwili, iliyobandikwa ukurasa wa saba, imeondoka na kitabu chake. Hati ya dharura haikupeleki kwenye mji uliobaki kwenye ratiba. Kabla ya kukata tiketi, tafuta ni ubalozi gani wa nchi yako unaoshughulikia unakokwenda, andika simu yake kwenye karatasi. Nimesema karatasi kwa sababu simu ndiyo inayofuata kwenye orodha ya mwizi.

London simu hukwapuliwa na waendesha baiskeli za umeme wanaopanda hadi kwenye njia ya waenda kwa miguu. Oktoba 2025 polisi wa jiji hilo walitangaza kuvunja mtandao wanaoushuku kusafirisha hadi simu 40,000 za wizi kwenda China. Kwa mtalii Mjerumani hiyo ni hasara ya kifaa. Kwa Mtanzania au Mkenya ni hasara ya kaunta ya benki: M-Pesa iko kwenye laini, na benki hutuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyo hiyo. Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole, na zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Kidole chako kiko London na duka liko Kariakoo. Kwa hiyo laini ya nyumbani isikae kwenye simu unayopigia picha barabarani. Iweke kwenye simu ya zamani ibaki chumbani, na laini yenyewe iwekewe namba ya siri ili mwizi asiihamishie kwenye simu nyingine. Barabarani tumia laini ya huko au ya mtandao. Wabrazili wamelifikisha jambo hili mbali zaidi: wapo wanaobeba simu chakavu makusudi, ya kumpa mwizi, wanayoiita celular do ladrão.

Hiyo ya Brazil inatuleta kwenye tofauti ambayo washauri wengi huivuruga. Kuna miji ya wizi wa ujanja na miji ya wizi wa nguvu, na mawaidha ya mmoja ni hatari kwenye mwingine. Roma au Barcelona, ukihisi mkono mfukoni, piga kelele, mshike, fanya fujo; mwizi anaogopa macho ya watu. Johannesburg au Rio mwenye bastola hana hofu hiyo, na ubishi wako unaweza kukugharimu uhai. Pale unatoa kila kitu, mikono ionekane, hutazami usoni. Afrika Kusini kuna magenge yanayowafuata wasafiri kwa gari kutoka uwanja wa ndege wa O. R. Tambo, mengine yakiwasimamisha kwa taa za buluu kama za polisi, hivyo kosa hutokea uwanjani, pale mtu anapobadilisha dola nyingi kaunta ya wazi au kuingia gari asilolijua saa nne usiku. Dar es Salaam tunaujua mfano wake: teksi bubu, abiria wengine wawili wanaopanda njiani, kisha mzunguko wa mashine za ATM mpaka kadi ikauke. Dawa yake ni ya kuchosha lakini inafanya kazi. Usafiri wa kwanza, kutoka uwanjani hadi kitandani, uwe umepangwa kabla ya kuondoka nyumbani, hata kama ni wa bei.

Tuhesabu pia wizi unaoanzia kwetu. Katika hija ya mwaka 2024 Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301 kwenye joto kali, na kwamba asilimia 83 ya waliokufa hawakuwa na kibali cha hija. Wengi walikuwa Wamisri, na serikali ya Misri ikazifutia leseni kampuni 16 zilizowapeleka watu kwa viza zisizo za hija, bila hema wala usafiri. Walioibiwa pale waliibiwa ofisini, wakikabidhiwa risiti na kalenda ya ukutani. Wakala wa safari, awe wa Makka au wa Dubai, achunguzwe kwa mamlaka inayomsajili kabla ya kupewa senti, na viza isomwe jina lake: ni ya nini hasa?

Na begi. Tapeli wa begi haibi kitu, anakupa. Mkenya mmoja alikamatwa uwanja wa ndege wa Ho Chi Minh City Julai 2023 na zaidi ya kilo mbili za kokeini. Alisema alitumwa kupeleka sanduku, hakujua kilichomo. Machi 2025 mahakama ya Vietnam ilimhukumu kifo. Padri John Wotherspoon, Mwaustralia anayewahudumia wafungwa Hong Kong, amechapisha barua za wafungwa kutoka Afrika, wakiwemo Watanzania, waliobeba mzigo wa watu, wengine wakijua na wengine wakidai hawakujua. Kuithibitisha tofauti hiyo mahakamani ni vigumu. Kwa Mswahili, kumkatalia jirani kifurushi cha dagaa cha kumpelekea mwanawe ni kazi ngumu kweli. Basi kifunguliwe mbele yenu wote, ukifungashe upya wewe mwenyewe, na kisichofunguka kibaki. Ukikamatwa, Mkataba wa Vienna wa Uhusiano wa Kikonseli wa mwaka 1963, katika kifungu cha 36, unakupa haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe. Omba kabla ya kusaini karatasi yoyote ya lugha usiyoisoma.

Limebaki suala la bima, ambalo watu hulielewa kinyume. Viza ya Schengen inadai bima isiyopungua yuro 30,000, na mtu akishailipia huamini amejikinga na kila kitu. Bima hiyo ya lazima ni ya matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, ukiwemo mwili iwapo mtu atafariki. Pochi haimo. Anayetaka kufidiwa simu na begi anunue kipengele hicho, asome kiwango cha juu cha kila kifaa, na ajue kwamba kampuni nyingi zinataka taarifa ya polisi iliyoandikwa ndani ya saa 24.

Hivyo nenda kituoni hata kama huna imani ya kumwona mwizi. Utasubiri kwenye benchi na watu wa mataifa sita, askari atakuuliza rangi ya pochi, na uchunguzi huenda ukaishia hapo. Wewe omba nakala ya taarifa yenye mhuri na namba, kama tunavyodai RB kwetu. Bila hiyo kampuni ya bima haikulipi, na ubalozi utaitaka kabla ya kukuandikia hati ya dharura. Itunze hata ukishafika nyumbani, kwa sababu mwaka ujao utaomba viza tena, na karani wa dirishani atakuuliza pasipoti ya zamani iko wapi.